Ufundi wa Kukusanya Watu

Ukipita barabara ya ufukweni Diani, Kwale, inua macho. Juu ya lami, kutoka mti hadi mti, zimetandazwa ngazi za kamba, na ukibahatika utamkuta mbega, au kuluzu kama aitwavyo huku, akivuka na mtoto mweupe kamkumbatia kifuani. Ngazi zile ni tunda la kelele za majirani. Katika miaka ya 1990 wakazi walichoka kuwaokota mbega waliogongwa na magari, na mwaka 1997 likaanzishwa shirika lililoitwa Wakuluzu, ambalo leo linajulikana kwa jina la Colobus Conservation. Facebook ilikuwa haijazaliwa, ila wafuasi walikwisha kuwapo.

Natanguliza habari hiyo kwa kuwa nataka kusifia kazi inayodharauliwa na watu wazima: kukusanya wafuasi mtandaoni. Wazee wetu wakimwona kijana kainamia simu husema huyo kapotea. Baadhi wamepotea kweli, sikatai. Lakini wamo mafundi.

Fundi hashughulishwi na idadi. Wafuasi wa kununua hununuliwa kwa maelfu, na siku ya shida hajitokezi hata mmoja. Mbega akipigwa na umeme Ukunda, wa kwanza kumfaa ni mlinzi wa lango, dereva wa tuktuk au mama wa duka aliyehifadhi namba ya simu, na ambaye anajua kwa kuona kuwa akipiga, watu huja. Aliye Nairobi au Ujerumani naye ana sehemu yake: huchangia dawa, huchangia kazi ya kukata matawi yanayogusa nyaya. Kuwaweka hao wote katika mazungumzo mamoja, kila mtu akajiona ana kazi, hapo ndipo penye ufundi.

Mtazame nahodha wa mashua ya kioo anayeijua kazi hii. Asubuhi haweki picha ya machweo ya mwaka jana. Anaweka bahari ya leo. Akiweka video, ni fupi, maana anajua bando la watu linaisha. Anasema bamvua imefika, fungu la mchanga litatokea saa nne, msichelewe. Kusi ikichafua maji anaandika waziwazi: leo msije, hamtaona kitu. Siku hiyo amekosa pesa, lakini sentensi hiyo moja nadhani inamletea wageni wengi kuliko picha kumi za kupendeza. Akiulizwa bei anaitaja pale pale mbele ya watu, hamwambii mtu amfuate faraghani kana kwamba bei ni siri ya ndoa. Mgeni akiuliza kama papa watamla, anajibiwa bila kuchekwa. Na picha ya mtalii aliyemtoa kiti cha pweza majini ili ajipige picha naye, haiweki, hata kama ingependwa na mamia.

Mwaka 2020, mwaka wa korona, ulikuwa mtihani. Machi ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa, Aprili njia za kuingia na kutoka Kwale zikafungwa, hoteli zikawa kimya. Njia zilipofunguliwa Juni, ndege hizo zilikuwa bado hazijarudi, kwa hiyo wageni wa mwanzo walikuwa Wakenya wenyewe. Nahodha aliyekuwa amezoea kuzungumza nao hakuhitaji kujitambulisha.

Iko njia ya mkato, nayo ni matusi na umbea. Hujaza ukurasa upesi kama ugomvi unavyojaza watu uwanjani, na watu hao hutawanyika upesi vilevile. Mimi simwiti fundi mwenye ukurasa wa namna hiyo, awe na wafuasi wangapi.

Nawe msomaji, ukija Diani punguza mwendo penye zile ngazi, wala usimlishe mbega ndizi ili upate picha. Ukimkuta amejeruhiwa, piga simu kwanza, video itasubiri.