Humu Hamna Mzungu

Kuna familia ya wamisionari ninayoifahamu Muhoroni. Wazungu, ndiyo, lakini watoto wao wanagombana kwa Kidholuo, na mfereji ukikauka wanabeba maji kwa mitungi kama sisi wengine. Miaka saba ya ukaazi halali inayotajwa na katiba ya 2010 wameshaimaliza. Sasa kila safari ya Nairobi mama anaenda na bahasha ya vyeti, anarudi na orodha ya vyeti vingine. Siku moja akaniomba kitabu cha bintiye, chenye watu kama wao. Nikampa Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye. Wiki mbili baadaye akakirudisha.

"Mwalimu, humu hamna mzungu."

Nilicheka, halafu nikakosa jibu.

Maana kama kuna mtu angeweza kuiandika hadithi hiyo, si ni Macgoye? Alizaliwa Southampton 1928, akaja Kenya 1954 kuuza vitabu vya misheni ya Kianglikana, akaolewa 1960 na Daniel Oludhe Macgoye, akawa raia 1964, enzi ambazo Kenya haikutaka kusikia habari ya uraia wa nchi mbili. Na bado riwaya yake inayojulikana zaidi, ya 1986, inamfuata Paulina, msichana Mjaluo wa miaka kumi na sita.

Mimi nimekuwa nikiusifu uamuzi huo. Paulina anapanda treni 1956, kwa reli ileile inayopita hapa Muhoroni, anashuka Nairobi ya Hali ya Hatari. Mimba inaharibika. Akitoka hospitali anapotea njia, analala mikononi mwa polisi, na mumewe anampokea kwa kipigo. Amezaliwa hapa, lakini nchi haimjui. Baadaye mwanawe Okeyo anauawa kwa risasi Kisumu, 1969, siku ya ziara ya Kenyatta, na Macgoye hapandishi sauti hata kidogo. Nani basi alisema kuzaliwa hapa kunatosha? Hilo ndilo swali la kitabu, na mpaka leo linauma.

Lakini huyu mama ameniharibia raha. Kuna mambo Paulina hawezi kumbebea Macgoye. Mzungu akisalimisha pasipoti, ameacha nini hasa, wakati ngozi yake bado inamfungulia milango? Mama mkwe alimwonaje? Watoto waliambiwa wao ni nani? Homing In, ya 1994, inaye mwanamke mzungu, lakini ni mjane mzee wa kilowezi anayetunzwa na Martha. Hiyo ni nyumba nyingine kabisa. Song of Nyarloka, ya 1977, inasogea karibu zaidi. Nyarloka ni binti aliyetoka ng'ambo ya maji, na mashairi yanamruhusu mtu kujitaja huku amejifunika kidogo.

Zamani ningeliita jambo hili unyenyekevu: mgeni anawapisha wenyeji waongee. Siku hizi naona ni pengo. Yeye alikuwa na ufunguo wa nyumba ambayo sisi tuliichungulia dirishani tu, akatuonyesha za majirani. Alizionyesha vizuri kuliko wengi waliozaliwa ndani yake, sikatai. Alifariki 2015.

Nimempelekea mama yule Song of Nyarloka. Bintiye ndiye aliyenipokea mlangoni. Mama alikuwa Nairobi, na bahasha.