Mzee wa Fito na Umati wa Mashuhuri: Kuhusu Jalada Bora la Santuri za Roki

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu jalada lililo bora zaidi miongoni mwa majalada ya santuri za roki una umri mkubwa, na aghalabu umeendeshwa kwa ushabiki kuliko kwa hoja. Huyu hutaja Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya The Beatles (1967), yule hutaja The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd (1973), na kila mmoja hushikilia lake kana kwamba ubora wa kazi ya sanaa ni jambo la kupigiwa kura. Makala haya yananuia kuutoa mjadala huu katika sanduku la kura na kuurejesha katika uwanja wa uhakiki. Tutapendekeza vigezo, tutavitumia kupimia majalada matatu, kisha tutatoa uamuzi. Uamuzi wenyewe tunautaja mapema ili msomaji aweze kutupinga tangu mwanzo: jalada bora ni lile la albamu ya nne ya Led Zeppelin, iliyotolewa mwezi wa Novemba 1971. Tunakiri, hata hivyo, kwamba sababu zetu si zile ambazo wapenzi wa albamu hiyo wamezitegemea kwa muda wa miaka 50 na zaidi.

Huenda ikaulizwa jambo hili linahusu nini wanafunzi wa fasihi. Jibu tunalipata kwa Gérard Genette, ambaye katika kitabu chake Seuils (1987) alionyesha kwamba majalada, anwani, dibaji na mengineyo yanayoizunguka matini ni vizingiti: msomaji hawezi kuingia ndani bila ya kuvivuka, na namna anavyovivuka huathiri anachokikuta ndani. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa kitabu, basi ni zaidi kwa santuri, kwa kuwa muziki hauonekani na jalada ndilo sura pekee uliyo nayo. Kabla ya Alex Steinweiss kuanza kubuni majalada ya picha katika kampuni ya Columbia, mwishoni mwa miaka ya 1930, santuri nyingi zilifungwa katika karatasi zisizosema lolote. Santuri ya muda mrefu ilipoingia sokoni mwaka 1948, msanii alipewa mraba wenye upana wa takriban sentimita 30. Hicho ndicho kiwanja cha sanaa tunayoichunguza.

2.0 Vigezo vya Uhakiki

Tunapendekeza vigezo vinne. Kwanza, jalada lisimame lenyewe kama kazi ya fani. Pili, pawe na uhusiano wa lazima baina yake na maudhui ya albamu, yaani lisiweze kuhamishiwa albamu nyingine bila ya hasara. Tatu, litumie umbo lake kikamilifu: mbele, nyuma, ndani na mkunjo. Nne, listahimili usomaji wa mara ya pili. Kazi dhaifu huisha pale msomaji anapozidi kuifahamu, ilhali kazi bora huongezeka kila anapoirudia. Kigezo hiki cha nne ndicho tutakachokiegemea zaidi, kwa sababu ndicho kinachopuuzwa mno na mashabiki.

3.0 Umati wa Mashuhuri

Jalada la Sgt. Pepper lilibuniwa na Peter Blake na Jann Haworth, na kupigwa picha na Michael Cooper. Liligharimu karibu pauni 3,000, kiasi kikubwa ajabu kwa kazi ya aina hiyo wakati huo. Wanamuziki wanne wamesimama katika mavazi ya bendi ya kijeshi, na nyuma yao umejipanga umati wa waandishi, waigizaji, wanafikra na wanamichezo: Karl Marx, Oscar Wilde, Edgar Allan Poe, Marilyn Monroe, Bob Dylan na wengine wengi. Kwa upande wa nyuma yalichapishwa maneno ya nyimbo, hatua iliyowaalika wasikilizaji wayasome mashairi hayo kama mashairi. Kwa kigezo cha tatu, hatuna budi kulipa jalada hili alama za juu. Kwa kigezo cha pili pia halina upungufu mkubwa, kwani albamu inajifanya kuwa tamasha la bendi ya kubuni, na tamasha halikosi hadhira.

Tatizo linajitokeza katika usomaji wa pili. Umati ule unajinadi kuwa mkusanyiko wa wote wanaostahili kukumbukwa. Je, ni nani aliyealikwa? Msomaji wa Afrika Mashariki akipekua safu zile hakuti mwandishi wala mwanamuziki wa Afrika. Anachokuta ni David Livingstone, ambaye maiti yake ilivushwa kutoka Bagamoyo kwenda Zanzibar mwaka 1874 ili irejeshwe kwao, na Johnny Weissmuller, mwigizaji aliyepata sifa kwa kuigiza Tarzan. Katika umati huo, bara zima limewakilishwa na mpelelezi na hadithi ya sinema. Aidha, sanamu ya Gandhi, iliyokuwamo wakati wa kupanga picha, iliondolewa kwa shinikizo la kampuni ya EMI, iliyohofia kuwaudhi wanunuzi wa India. Kadiri tunavyofahamu zaidi ni nani aliyewekwa, ni nani aliyetolewa na kwa sababu gani, ndivyo sherehe inavyozidi kufanana na orodha ya mlangoni. Hatusemi kwamba wasanii walikusudia dharau. Tunasema kwamba jalada hili linaudhani umaarufu kuwa ndio ubora, na dhana hiyo haihojiwi popote ndani ya picha.

4.0 Ishara Isiyo na Doa

The Dark Side of the Moon ni kinyume cha hayo yote. Kampuni ya ubunifu ya Hipgnosis, chini ya Storm Thorgerson na Aubrey Powell, ilitoa wazo, na George Hardie akalichora: weusi mtupu, prizimu, mshale wa nuru nyeupe unaoingia upande mmoja na kutoka upande wa pili ukiwa umepasuka katika rangi. Hakuna jina la bendi wala la albamu upande wa mbele. Jalada likikunjuliwa, mkanda wa rangi unaendelea ndani na mstari mmojawapo unageuka kuwa mchoro wa mapigo ya moyo, ambayo ndiyo sauti inayofungua na kufunga albamu. Upande wa nyuma prizimu ya pili inazikusanya rangi upya. Mzunguko hauna mwanzo wala mwisho.

Kwa vigezo vitatu vya kwanza tunakiri bila kusita kwamba hili ndilo jalada lililokamilika kuliko yote. Hakuna kilichozidi na hakuna kilichopungua, isipokuwa rangi ya nili, ambayo msanii aliiacha na kubakiza rangi sita. Hata hivyo, ukamilifu huo ndio unaotutia shaka. Katika istilahi za semiotiki, ishara hii imetengana na kitu inachokiashiria kwa urahisi mno. Imechapishwa kwenye fulana, vikombe na mabango, ikavaliwa na watu ambao hawajapata kuisikia albamu hata mara moja, na haionekani kupoteza chochote kwa kutengwa hivyo. Albamu yenyewe inazungumzia wazimu, pesa, wakati na kifo, lakini picha haina jasho la binadamu hata tone. Tukiisoma mara ya kumi tunakuta kilekile tulichokikuta mara ya kwanza. Inaheshimika kama kanuni ya fizikia inavyoheshimika, wala haitudai kitu.

5.0 Mzee wa Fito

Sasa tulifikie jalada la Led Zeppelin. Upande wa mbele tunaona ukuta wenye karatasi ya mapambo iliyochakaa na kubanduka. Ukutani pametundikwa picha yenye fremu, na katika picha hiyo yumo mzee mwenye ndevu, amejikunja chini ya mzigo wa vijiti mgongoni, mikono imeshika mkongojo. Hakuna jina la bendi, hakuna jina la albamu, wala mbele, wala nyuma, wala kwenye uti wa jalada. Kampuni ilipinga uamuzi huo, bendi ikashikilia msimamo. Msomaji akilikunjua jalada ndipo anapogundua kwamba ukuta ule ni sehemu ya nyumba iliyokwisha bomolewa nusu, na kwamba ng'ambo yake limesimama jengo refu la ghorofa. Kitendo cha kukunjua kinakuwa kitendo cha kusimulia. Tulidhani tumo ndani ya nyumba, kumbe tumo nje. Hatujaona jalada jingine linaloutumia mkunjo wake kama kilele cha msuko.

Uhusiano na maudhui nao ni wa ndani. Albamu inachanganya nyimbo za ala tulivu za kimashambani na mshindo wa umeme, na inahitimishwa kwa wimbo kuhusu kupasuka kwa kingo za mto, uliorekodiwa kwanza na Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie mwaka 1929 kufuatia mafuriko ya Mississippi ya 1927. Sehemu kubwa ya kurekodi ilifanyika Headley Grange, nyumba kuukuu iliyojengwa mwaka 1795 kuwa makao ya maskini, wazee na mayatima. Ukinzani wa mashamba na mji, wa kale na kipya, umo katika sauti kama ulivyomo katika picha.

Lakini mzee ni nani? Kwa zaidi ya nusu karne alisomwa kama fumbo. Ndani ya jalada mna mchoro wa mkaa mwitu mwenye taa kilimani, unaotokana na karata za ramli, na mashabiki wakauunganisha na mzee wa mbele, wakamfanya mganga, mchawi au roho ya msituni. Wengi waliiamini picha hiyo kuwa ni mchoro wa rangi. Mwaka 2023 mtafiti Brian Edwards aliikuta picha ya asili katika albamu ya picha za karne ya 19, na utafiti wake ukatangazwa na jumba la makumbusho la Wiltshire. Ilikuwa ni fotografia iliyotiwa rangi baadaye. Mpigaji picha alikuwa Ernest Farmer, mwaka 1892. Na mzee, kwa mujibu wa utafiti huo, anaaminiwa kuwa Lot Long wa mji mdogo wa Mere, mwezekaji wa mapaa ya nyasi, aliyefariki mwaka uliofuata.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia kuona. Alipokuwa fumbo, mzigo wake tuliuita kuni. Alipopata kazi na jina, ikatulazimu tuuite fito. Tofauti si ya msamiati tu. Kuni ni za kuteketezwa, fito ni za kujengea. Mtu aliyedhaniwa kubeba mabaki ya msitu anaonekana sasa kuwa amebeba paa la mtu mwingine. Na picha ya huyo mwezekaji imetundikwa katika nyumba isiyomsitiri tena mtu yeyote! Maana zote za awali zinabaki, lakini zinapata uzito ambao hazikuwa nao. Hiki ndicho tulichokiita kustahimili usomaji wa pili.

6.0 Pingamizi

Mpinzani wetu atasema kwamba kejeli hiyo ni ya bahati. Mwaka 1971 hakuna mmoja katika bendi aliyejua kwamba mzee alikuwa mwezekaji. Je, tunaweza kumsifu msanii kwa jambo asilolikusudia? Pingamizi hili lina nguvu, na hatutaki kulikwepa kwa kutaja tu makala ya Wimsatt na Beardsley ya 1946 kuhusu kosa la kutafuta nia ya mtunzi. Tunajibu hivi: bahati haiangukii kila kazi. Lau Livingstone angegunduliwa leo kuwa mtu mwingine katika umati wa Sgt. Pepper, jalada lingebaki vilevile, kwa kuwa limeegemea umaarufu. Lau prizimu ingechorwa na mtu mwingine, hakuna ambacho kingebadilika. Jalada la Led Zeppelin liliiacha nafasi wazi. Lilimweka mtu asiye na jina mahali ambapo soko lilidai jina la nyota, na wenye albamu wakalificha lao pamoja na lake. Nafasi hiyo ndiyo kazi ya msanii. Historia iliijaza kwa sababu ilikuwapo.

Pingamizi la pili linatugusa sisi wahakiki. Ikiwa ukweli ulikuwa ndani ya fotografia wakati wote, mbona haukuonekana? Kwa maoni yetu, ni kwa sababu usomaji wa kifumbo ni mtamu na rahisi. Mganga hahitaji kuulizwa anaishi wapi na analipwa kiasi gani. Tulimpandisha mzee daraja hadi akawa ishara, na katika kumpandisha tukamnyang'anya kazi yake. Kosa hilo halikufanywa na mashabiki wa roki peke yao. Ni mara ngapi mkulima, mvuvi au mpagazi katika riwaya tunazozifundisha amegeuzwa kuwa "ishara ya tabaka" kabla hatujauliza anabeba nini?

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Sgt. Pepper ni jalada la wingi linalofifia kila tunapowahesabu waliomo, na kwamba The Dark Side of the Moon ni jalada la ukamilifu lisiloweza kuongezeka. Jalada la albamu ya nne ya Led Zeppelin lina dosari zake, hasa ule mchoro wa ndani ulioipotosha hadhira kwa miongo mitano. Hata hivyo, ndilo pekee kati ya matatu ambalo ukweli mpya umelitajirisha. Msomaji anayelipinga hitimisho hili anakaribishwa kulipinga, mradi kwanza alikunjue jalada lote, mbele na nyuma, kisha aeleze mzee yule amebeba kuni au fito.