Kulifuata Tone Hadi Juu

Katoni ilitoka Handeni ikiwa imekunjwa nyuma ya kiti. Mwalimu mwenye gari alikuwa ameagizwa kwa simu ailaze chini ya injini usiku kucha, achore kwa kalamu mahali tairi mbili za mbele zilipokaa, na asiiguse hadi asubuhi. Fundi aliikunjua kwenye benchi la gereji yake, Manundu mjini Korogwe, akaizungusha mpaka michoro ya tairi ikaelekea kama gari lilivyokuwa limeelekea. Palikuwa na madoa mawili madogo yaliyokauka na moja kubwa kiasi cha shilingi mia, bado linang'aa. Alipima kwa vidole kutoka mchoro wa tairi ya kushoto hadi lile doa kubwa, akaenda kwenye gari, akapima vidole vilevile, akachuchumaa. Juu ya mahali pale injini inaungana na giaboksi.

"Umeambiwa ni sili ya nyuma ya krenki," alisema.

"Ndiyo, fundi. Wawili wameniambia hivyo."

Gari lenyewe ni Corolla ya miaka ya 90 yenye injini ya 5A-FE, sentimita za ujazo 1,498. Mashine ya aina hii imezunguka sana nchini mwetu, na mafundi wengi wanaijua wakiwa wamefumba macho. Huenda ndiyo sababu wanaifumbia macho kweli. Ili kuifikia sili ya nyuma lazima giaboksi ishuke, klachi ifunguliwe na flaiwili itoke. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na ikiwa umekosea, unarudisha vyote mahali pake huku tone likiendelea kudondoka.

Fundi huyu alianza na jambo dogo zaidi, kujua ile ni oili ya nini. Palipoungana injini na giaboksi panaweza kuvuja oili ya upande wowote. Aligusa doa kwa kidole, akalisugua kwa kidole gumba, akanusa. Oili ya giaboksi ya kawaida ina harufu kali ya salfa ambayo haikuachi mkononi hata ukinawa. Hii ilikuwa nyeusi, nyepesi, yenye harufu ya moshi. Akachomoa kijiti cha kupimia, akaipangusa oili yake kwenye kona safi ya katoni, pembeni ya doa. Rangi moja. Giaboksi ikawa imetoka kwenye kesi.

Gari likasogezwa juu ya shimo, naye akashuka na tochi. Kwa muda mrefu hakugusa kitu. Chini ya injini palikuwa na ukoko mnene wa oili na vumbi jekundu la Handeni, na ukoko ule una habari zake ukiwa na subira ya kuzisoma. Pale ulipokauka na kupasuka, uvujaji ni wa zamani au umekoma. Ulipokuwa laini lakini umefifia, oili inapita mara chache. Na pale palipokuwa peusi, pametota, hakuna hata chembe ya vumbi iliyopata nafasi ya kukaa, basi oili inapita kila siku. Sehemu hiyo ya mwisho ilikuwa utepe mwembamba ulioshuka upande wa kushoto wa mfuko wa klachi. Chini ya sampo nako kulikuwa na unyevu, lakini hakuujali sana. Gari likiwa barabarani upepo hupita chini na kuisukuma oili nyuma, kwa hiyo kitu kilicho nyuma kikilowa hakithibitishi lolote. Kinachotafutwa ni sehemu iliyolowa iliyo juu kuliko zote na mbele kuliko zote.

"Oili haipandi," alimwambia kijana wake aliyekuwa ameshika taa. "Ukiikuta hapa, imetoka juu ya hapa."

Kisha akafanya jambo ambalo wengi hulikwepa kwa kuwa halina sifa: akaosha. Alifunika alternata na distributa kwa mifuko ya nailoni na kuifunga kwa raba. Akachovya brashi ya kupakia rangi kwenye kopo la dizeli, akapitisha kwenye kila mfereji, kuanzia juu kwenda chini, akiacha ukoko ulainike kabla ya kuukwangua kwa kipande cha mti. Dizeli haina haraka ya kukauka kama petroli, na karibu na injini yenye joto haina hatari kama yake. Mara tatu alibadilisha matambara. Alipofika mwisho, alipuliza kwa kompresa na kupitisha kitambaa cheupe kwenye maungio yote, akikitazama kila mara kama kimechafuka. Bati na aluminiamu vikaonekana, na namba zilizochorwa kiwandani zikasomeka. Nusu ya asubuhi ilikuwa imekwisha na hakuna nati iliyofunguliwa.

Korogwe ni mji uliozoea mashine. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yaliyouzunguka yana korona zake za kusaga majani, mashine zenye kelele na tamaa ya grisi. Nilipoutazama mkono wa fundi ukizunguka bolti za sampo, nilifikiri kwamba ustadi wa namna hii hurithiwa kwa macho zaidi kuliko kwa maneno. Kijana wake hakuwa akielezwa mengi. Alikuwa akishika taa tu, na kila taa ilipotikisika aliambiwa, "Tulia."

Katika gereji kubwa zenye vifaa, fundi humimina ndani ya oili rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, kisha akaliendesha gari na kuitafuta. Hapa palikuwa na kopo la poda ya watoto. Aliimwaga kwenye kiganja na kuipuliza taratibu ikatua kwenye mfuko wa klachi, kwenye ukingo wa sampo, chini ya tapeti kava na kuzunguka kichwa cha injini. Akaitazama kwa tochi, akaongeza palipokuwa pembamba. Pazuri pa kupaka poda, alisema, ni pale unapoamini kwamba hapavuji. Huko ndiko utakakoshangazwa.

Injini ikawashwa, ikaunguruma pale pale robo saa. Poda ikabaki nyeupe. Mwalimu akaanza kutabasamu. Fundi hakutabasamu. Injini ikiwa baridi oili ni nzito na haipenyi mwanya mdogo. Lazima ipate joto na ifanye kazi. Basi wakaliendesha kwenye lami ya kwenda Handeni, ile ya kilomita 65, wakafika mbali kiasi, wakageuza. Waliporudi aliliegesha palipo sawa, si kwenye mteremko, na hakukimbilia shimo. Alikunywa chai kwanza. Oili iliyopenya inahitaji muda wa kutambaa.

Aliposhuka, mstari ulikuwapo. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, mwembamba kama uzi wa kushonea, ukishuka kwenye poda upande wa kushoto wa mfuko wa klachi. Alianzia chini akaufuata kwa ncha ya bisibisi bila kuugusa. Ulipoingia pasipoonekana, alipanda juu, akafungua boneti, akalegeza bomba la hewa la kutoka kwenye filta na kuingiza kioo kidogo chenye mpini. Ukingo wa tapeti kava, mweupe. Chini yake, mweupe. Kisha, chini ya distributa, pale inapoingia mwishoni mwa kichwa cha injini, palikuwa na nusu duara jeusi lililolowa. Juu ya hapo hapakuwa na tone lolote.

Distributa ya injini hii imekaa juu ya giaboksi kabisa. Oringi yake ikichoka, oili hushuka kimya kwenye mfuko wa klachi na kudondoka mahali palepale ambapo sili ya nyuma ingedondosha. Wale wawili hawakumdanganya mwalimu. Waliliamini tone.

Kabla ya kulegeza chochote, fundi alikuna mstari mmoja kwa msumari uliochongwa, ukapita kwenye sikio la distributa na kuendelea kwenye kichwa cha injini. Bolti zake hukaa kwenye matundu marefu, na distributa ikirudi imezungushwa hata kidogo, taimingi imeharibika. Alifungua kava na kuiweka kando na nyaya zake zote za plagi. Ndani palikuwa pakavu, dalili kwamba sili ya ndani bado nzima. Spana namba 12, bolti zikatoka. Akaivuta distributa kwa kuitikisa kidogokidogo, tambara likiwa limetandikwa chini.

Oringi ilikuwa imekuwa bapa, ngumu, imepoteza umbo la mviringo. Aliitoa kwa kijiti cha mwanzi, kwa sababu bisibisi ingekwaruza mfereji wa aluminiamu, na mkwaruzo ungekuwa njia mpya ya oili. Alipoikunja ilikatika. Alipima mfereji kwa kalipa, akachambua kwenye kopo lake la oringi za kustahimili joto, akajaribu mbili, ya tatu ikakaa. Akaipaka oili safi na kuisukuma kwa kidole gumba bila kuipinda.

"Kwa nini usipake silikoni tu, fundi?" mwalimu aliuliza.

"Itakayobanwa nje utaiona, mwalimu. Ya ndani itaelekea kwenye chujio la sampo."

Distributa ikarudi, masikio ya mhimili wake yakitafuta nafasi zake, mstari ukakutana na mstari. Kabla ya kufunga boneti alichomoa valvu ya kupumulia kwenye tapeti kava na kuitikisa sikioni. Ilipiga kelele. Ingekuwa imeziba, hewa ya ndani ya injini ingekosa pa kutokea na kuisukuma oili kwenye sili nyingine, na oringi mpya isingekuwa dawa.

Wakaosha tena. Poda tena, barabara tena, chai tena. Safari hii upande wa kushoto ulibaki mweupe kote. Kwenye ukingo wa sampo tu poda ilikuwa imebadilika rangi kidogo, bila kutengeneza mstari. Kijana akachukua spana ndefu. Fundi akamnyang'anya, akampa fupi: ukingo wa sampo ni wa bati, ukibana kwa nguvu unapinda na kuvuja zaidi. Akakaza bolti kila moja kwa mguso mdogo, akivuka kutoka upande huu hadi ule. Unyevu ule, alimwambia mwalimu, haudondoki, kwa hiyo auache hadi siku atakayokuwa na sababu nyingine ya kushusha sampo. Kwa sasa apime oili kila Jumamosi, injini ikiwa baridi. Mwalimu akaandika kwenye simu. Mwenye Noah iliyokuwa kwenye foleni alikuwa ameshaanza kueleza mlio wake, na fundi akamwomba anyamaze kwanza, awashe injini.