Shahamu, Nta na Kiraka cha Pamba
Hapa Ngoingwa, Thika, hakuna mwindaji wa bunduki, wala sheria haimruhusu: Kenya ilipiga uwindaji marufuku mwaka 1977. Hata hivyo, kuna ufundi mmoja wa wawindaji wa baruti nyeusi ninaouhusudu, na vifaa vyake vyote vinapatikana Thika: pamba, mafuta ya kondoo na nta ya nyuki. Ni ufundi wa kupaka kiraka mafuta.

Bunduki za baruti nyeusi hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Hutangulia baruti, ikafuata risasi ya mviringo iliyokalia kiraka, kisha mdeki ukasukuma vyote hadi chini. Risasi ni ndogo kidogo kuliko tundu. Kiraka ndicho kinachojaza nafasi na kushika mitaro iliyochongwa ndani, risasi ikatoka inazunguka. (Magobori mengi ya misafara ya kwetu hayakuwa na mitaro hiyo; Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe sehemu kubwa ya Afrika, ukaachia zile za gumegume zenye mtutu laini.)

Adui ni masizi. Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa, na ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi: hutoka kama moshi mzito au huganda ndani ya mtutu. Mafuta ya kiraka huyalainisha masizi hayo, ili risasi inayofuata iteremke bila kukwama.

Lakini si mafuta yoyote. Oili ya injini ikikutana na moto wa baruti huacha utando mzito kama lami, ndiyo maana mafundi hushikilia mafuta ya wanyama na mimea. Mafuta yenye chumvi hualika kutu. Mate huwafaa walenga shabaha wanaofyatua papo hapo. Mwindaji anayetembea na bunduki iliyoshindiliwa tangu alfajiri hayamfai, kwa kuwa hukauka, na yakiwa mengi hulowesha baruti.

Kwake yeye ni shahamu ya kondoo na nta. Shahamu huyeyushwa kwa moto wa taratibu, ikachujwa mpaka isibaki na nyama wala chumvi. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, nayo huwekwa katika chombo kilichokaa juu ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Kipimo hufuata hali ya hewa. Jua likiwa kali nta huongezwa, maana shahamu tupu itayeyuka na kupenya kwenye baruti, bunduki ikashindwa kulia. Pennsylvania, Marekani, ambako msimu wa bunduki za gumegume ulianzishwa mwaka 1974, huwindwa pia kwenye baridi kali baada ya Krismasi. Huko nta nyingi hukifanya kiraka kigumu.

Kitambaa nacho kina masharti. Kiwe pamba tupu iliyofumwa kwa kubana, ifuliwe kwanza wanga utoke. Choma uzi mmoja: pamba huacha jivu, poliesta hujikunja ikawa punje ngumu, na hiyo haifai kabisa.

Linalonivutia zaidi ni jinsi fundi anavyookota kiraka kilichokwisha kufyatuliwa na kukisoma. Kikiwa kizima, kimenyauka ukingoni na kina duara jeusi katikati, kazi ni nzuri. Kikiwa na matundu ya moto, mafuta ni haba au kitambaa ni chembamba. Kikiwa kimekatwa, ukingo wa mdomo wa mtutu au wa mitaro ni mkali na unahitaji kusuguliwa.

Kwa mwindaji, basi, hukumu yangu ni shahamu na nta, zilizosuguliwa hadi kiraka kiwe na utelezi bila kuacha mafuta vidoleni. Na mtutu uoshwe siku hiyohiyo kwa maji moto na sabuni, ukaushwe, upakwe mafuta; masizi hunyonya unyevu wa hewa, na usiku mmoja unatosha kutu kuanza.