Mzee Anayesimulia Ujana Wake

Msomaji, ukishika kitabu cha hadithi kinachosimuliwa kwa neno "mimi", jiulize kwanza: huyu "mimi" ana umri gani? Swali laonekana dogo, lakini katika hadithi ndefu ya Bernard Cornwell, mtungaji wa Uingereza, ndilo ufunguo wa nyumba nzima. Hadithi hiyo ina vitabu 13; cha kwanza, The Last Kingdom, kilitoka mwaka 2004, na cha mwisho, War Lord, mwaka 2020. Msimuliaji ni Uhtred, mwana wa kabaila wa Kiingereza katika karne ya 9. Alitekwa na Wadenmark angali mtoto, wakamlea kama mwana wao. Kisha akaja kumpigania Mfalme Alfred wa Wessex dhidi ya watu wale wale.

Anayepigana ni kijana. Anayesimulia ni mzee. Wana jina moja, lakini mara nyingi hawapatani. Kijana amdharau Alfred, mfalme mgonjwa apendaye sala na vitabu. Mzee hajifanyi kwamba alimpenda, ila akiri kwamba alikuwa mfalme mkubwa. Angalisimulia kijana peke yake, tungalisikia dharau tu, na Alfred angalikuwa kikaragosi.

Tazama vita vya Cynwit. Uhtred amwua Ubba, jemadari wa Wadenmark. Badala ya kwenda upesi kwa mfalme kutoa habari, aenda kuwatafuta mkewe na mwanawe. Odda kijana amtangulia na kujitwalia sifa. Kitabu cha pili chafunguka kwa mzee akiwatazama vijana wa miaka ishirini na kuwaona watoto, huku akikumbuka kwamba yeye katika umri huo alijihesabu mtu mzima asiyehitaji shauri. Hapo hasira ya kuibiwa sifa yachanganyika na aibu ya kiburi, na uchungu wake wazidi.

Lakini je, tumwamini? Kumbukumbu za kale za Waingereza zautaja ushindi huo, mwaka 878, na Uhtred hamo. Mzee ana jibu tayari: walioandika ni makasisi na watawa, nao hawakumpenda mtu aliyeshikilia miungu ya kale. Jibu hilo ni la ujanja sana, kwa maana halipingiki! Cornwell mwenyewe ni mwaminifu zaidi kuliko shujaa wake, kwani mwishoni mwa kila kitabu aeleza lipi ni historia na lipi amelitunga.

Njia hii ina gharama. Twajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba Uhtred hatakufa vitani, basi hofu yetu huwaangukia rafiki zake na watoto wake. Tena miaka yambana mtungaji: mtoto wa miaka kama kumi mwaka 867 hana budi kukaribia themanini katika vita vya Brunanburh, mwaka 937, na bado ashike upanga. Mimi naona hapo hadithi yavuta kamba mno. Na liko jambo jingine. Katika vitabu vya mwisho mpiganaji amezeeka karibu sawa na msimuliaji. Ngome ya baba zake, Bebbanburg, amekwisha kuirudisha, naye ataka kukaa kwake tu. Yule mzee aliyemcheka kijana hana tena kijana wa kumcheka, na sauti iliyokuwa na watu wawili yabaki na mmoja, aliyechoka.