Kocha wa Chipukizi: Kulea Wachezaji wa Mpira wa Vikapu Nkubu

Mpira wa vikapu wa vijana hufunzwa na mtu ambaye mara nyingi haoni mwisho wa kazi yake. Kocha wa shule humpokea mtoto akiwa na miaka 14 au 15, hukaa naye misimu mitatu hivi, kisha humwachia kocha wa chuo au wa klabu wakati ule hasa kijana anapoanza kuuelewa mchezo. Mkulima wa kahawa wa Imenti hutunza mche kwa takriban miaka mitatu kabla ya kuchuma, lakini angalau anatarajia kuchuma mwenyewe. Kocha wa chipukizi hana matarajio hayo. Hata hivyo ndiye anayeamua, kuliko yeyote atakayemfuata, iwapo miguu, macho na mikono ya mchezaji itajengeka kwa mazoea mema au kwa mazoea ya kung'olewa kwa taabu baadaye.

Nkubu ni mji wa Imenti Kusini ulio kando ya barabara itokayo Meru kwenda Chuka na Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, na unajulikana kwa shule zake na kwa hospitali ya misheni ya Consolata. Katika shule za upili za sehemu hizi, kati ya mashamba ya chai, kahawa na migomba, kocha kwa kawaida ni mwalimu wa somo fulani. Anafunza Hisabati au Jiografia mchana, na saa kumi jioni anavaa raba na kutoka na filimbi. Uwanja uko nje, hauna paa, na sakafu yake ni saruji au lami. Mvua inapoanza, mazoezi yamekwisha.

Kalenda ya kazi hii inatawaliwa na mambo mawili: ratiba ya michezo ya shule na mawingu ya mlimani. Mpira wa vikapu ni mchezo wa muhula wa kwanza, pamoja na hoki, mpira wa mikono na raga. Timu huanzia kaunti ndogo, hupanda hadi kaunti, kisha ukanda wa Mashariki, kisha taifa. Wachache wanaobaki huenda mashindano ya shule za Afrika Mashariki, yaliyofanyika Mbale mwaka 2024 na Kakamega mwaka 2025. Kwa hiyo Januari na Februari, miezi mikavu, huishia katika kupanga kikosi na kushindana. Masika huingia Machi. Muhula wa tatu una mitihani, tena mvua za vuli upande huu wa mlima ni nzito. Kinachobaki ni muhula wa pili, wenye baridi na ukungu wa Juni na Julai, ambapo kwa timu nyingi mashindano makuu ya vikapu yamekwisha. Kocha wa pupa huuacha muhula huo upite. Kocha anayejua kazi yake huuona kuwa ndio moyo wa mwaka, kwa sababu kijana hujifunza jambo jipya vizuri pale ambapo kulikosea hakumgharimu mtu yeyote mechi.

Wengi wanaofika uwanjani hawajawahi kuushika mpira wa vikapu. Mabadiliko ya mtaala yameliongezea jambo hili uzito: wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9 sasa husomea katika majengo ya shule za msingi, ambako vikapu ni haba, na kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia shule za upili za juu Januari 2026. Wakati huohuo mtaala huohuo umeweka Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika ngazi hiyo. Michezo imepewa heshima darasani, ilhali miaka bora ya kuzoeza mwili kuudunda mpira inapita mtoto akiwa bado kwenye uwanja wa nyasi.

Lakini mtoto huyo haji mikono mitupu. Msichana aliyecheza netiboli tayari anajua kusimama ghafla bila kuyumba, kugeuka juu ya mguu mmoja na kutoa pasi kabla hajazongwa, maana netiboli hairuhusu kukimbia na mpira. Mchezo huo ulizaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na mpira wa vikapu wenyewe, kwa hiyo kocha wa wasichana anaurudisha ujuzi nyumbani kwao. Kinachobaki ni kufunza kuudunda. Mcheza voliboli huleta kuruka kwa wakati wake. Mwanasoka wa uwanja wa vumbi huleta jicho linaloona nafasi kabla haijafunguka, nalo ni tunu kubwa kuliko urefu. Kocha mzuri huuliza kijana alicheza nini zamani kabla ya kumwambia chochote.

Mafunzo huanzia miguuni. Kusimama kwa miguu miwili, kugeuka, kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo na yakielekea mbele bila kugongana: haya hayapigiwi makofi na mtu, na ndiyo yanayobeba mengine yote. Kosa la kutembea na mpira, ambalo marefa wa ngazi za chini hulipulizia filimbi kila mara, ni kosa la miguu iliyokosa mwalimu. Kwenye saruji, tena, kutua vibaya kuna malipo. Wasichana wako katika hatari kubwa kuliko wavulana ya kukatika kano la ndani ya goti, na dakika chache za mazoezi ya kutua na kujisawazisha kila siku hupunguza hatari hiyo. Kijana anayerefuka kwa kasi hupata maumivu chini ya pia ya goti. Huyo hapaswi kuitwa mvivu. Anahitaji kupunguziwa kuruka, na kuelezwa kwamba mrusho wake umeharibika kwa muda kwa sababu mikono imerefuka kabla akili haijaizoea.

Kisha mpira wenyewe. Shule nyingi zina wachezaji wengi kuliko mipira, na hapo ndipo ubunifu wa kocha huonekana. Foleni ndefu ya vijana wakingoja zamu ya kurusha ni njia ya hakika ya kupoteza jioni nzima. Kundi likigawanywa vituo vinne, kimoja cha kudunda kwa mkono wa kushoto, kimoja cha pasi ukutani, kimoja cha kukaba bila mpira na kimoja cha kurusha, mipira michache hutosha na hakuna anayesimama. Mkono wa kushoto unastahili kutajwa peke yake. Mchezaji anayetumia kulia tu anaweza kutamba kaunti ndogo nzima, lakini akifika ukanda atakutana na mlinzi atakayemfungia upande huo mmoja, naye ataonekana kana kwamba amesahau kucheza usiku mmoja.

Kurusha kunadai subira ya pekee. Kikapu kiko mita 3.05 kutoka ardhini, na kipimo hicho hakikutokana na mwili wa mtoto. James Naismith alipoubuni mchezo huu huko Springfield, Marekani, Desemba 1891, alipigilia vikapu vya matunda kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, na roshani ilikuwa kwenye kimo hicho. Mtoto mdogo anayelazimishwa kufikia kimo hicho kwa mpira wa watu wazima huuvuta kutoka kiunoni kwa nguvu zote za mgongo, na mrusho huo humganda. Ndiyo sababu kanuni za watoto hushusha kikapu hadi mita 2.60 na kutumia mpira nambari 5. Wasichana wakubwa hutumia nambari 6, wavulana nambari 7. Pasipo kikapu cha kushushwa, kocha humsogeza mtoto karibu na ubao na kumkataza kurudi nyuma mpaka kiwiko, kiganja na vidole vifanye kazi kwa mpangilio ule ule kila mara. Ni kazi ya miezi, na vijana huichukia, kwa kuwa wameshaona kwenye simu wachezaji wa Marekani wakitupia kutoka mbali.

Baada ya mwili huja kuamua, na hapa ndipo makocha hutofautiana zaidi. Mechi za wawili kwa wawili na tatu kwa tatu kwenye nusu ya uwanja humlazimu kila mmoja kuushika mpira, kukaba na kuchagua, wala hakuna pa kujificha. Mchezo wa tatu kwa tatu uliingia Olimpiki katika michezo ya Tokyo, na kwa shule yenye kikapu kimoja kizima haupungukiwi na kitu. Kocha hapa hujifunza kunyamaza. Anayepaza sauti kutoka kando, akimwambia mchezaji kila hatua, hupata timu inayomtazama yeye badala ya kuutazama mchezo.

Kishawishi kikubwa ni ulinzi wa zoni. Katika mashindano ya awali wachache wanaweza kufunga kutoka mbali, basi ukiwapanga watano chini ya kikapu, mikono juu, utashinda mechi nyingi. Utashinda, na vijana wataondoka bila kujua kumkaba mtu mmoja kwa miguu yao wenyewe. Nchi kadhaa, Australia ikiwemo, huukataza ulinzi huo katika mashindano ya watoto wadogo. Mwalimu wa Nkubu hana sheria ya kumlinda dhidi ya mwalimu mkuu anayetaka kikombe. Ana uamuzi wake tu, na kuukubali ushindi mdogo wa leo kwa ajili ya mchezaji wa kesho ni ujasiri unaostahili heshima kubwa kuliko unayoipata.

Urefu nao hupotosha. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alianza kucheza akiwa na miaka 15 hivi, na mwaka 2009, akiwa na mita 2.21 na ametoka Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili kuingia NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Katika orodha ile ile Stephen Curry, mfupi kwake kwa mbali, alikuwa wa saba. Safari ya Thabeet ni fahari ya Afrika Mashariki nzima, na inaonyesha kwamba kuchelewa kuanza hakufungi mlango. Inaonyesha pia jinsi mchezaji mrefu anavyoharakishwa. Kijana mrefu wa Imenti husimamishwa chini ya kikapu siku ya kwanza, hadundi, hapasi, na miaka mitatu baadaye wenzake wakimfikia kimo habaki na kitu. Afunzwe yote kama mfupi.

Kwa upande wa wasichana, mfano wa mchezaji Madina Okot uko karibu zaidi: shule ya Kaya Tiwi huko Kwale, kisha Chuo Kikuu cha Zetech, kisha Mississippi State na South Carolina nchini Marekani. Kila hatua ilikuwa na kocha wake, na wa kwanza walikuwa walimu wa shule. Mwalimu wa wasichana ana majukumu ya ziada yasiyohusu mpira. Safari ya mechi huwa na mwalimu wa kike, mazoezi hufanyika palipo wazi, na mzazi huelezwa saa ya kurudi. Mama anayehofia alama za mtihani husikilizwa kwa adabu na kuonyeshwa ratiba ya masomo ya jioni, maana bila ruhusa yake hakuna mchezaji.

Wanaomaliza shule hutawanyika. Wachache hupata timu katika vyuo vikuu vya karibu, kama Meru, Chuka na Embu, na wachache zaidi hufika ligi ya taifa kwenye klabu kama Ulinzi au KPA ya Mombasa. Aliyekosa kimo au kasi lakini akaupenda mchezo anaweza kufunzwa mapema kujaza karatasi ya alama, kushika saa na kupuliza filimbi katika mechi za mabweni. Kocha anayetenga jioni moja kwa hilo huipatia Imenti Kusini marefa na makocha wasaidizi, watu ambao viwanja vya eneo hilo vinawahitaji sawasawa na wafungaji.