Uigaji na Utu: Tahakiki ya Sanaa ya Moin Akhter

Kwa muda mrefu uhakiki wa tamthilia umemkaribisha mchekeshaji ukumbini huku ukimnyima kiti cha heshima. Tangu Aristotle aieleze komedia kuwa ni mwigo wa watu walio duni kuliko kawaida, mtendaji wa komedia amehesabiwa kuwa kivuli cha mtendaji wa tanzia. Aliyeshushwa zaidi ni yule mwenye kipaji cha kuiga sauti na mienendo ya wengine, kwa madai kwamba yeye habuni bali hunakili. Makala haya yanakusudia kuyapima madai hayo kwa kuichunguza kazi ya Moin Akhter, mwigizaji wa Pakistani aliyetumikia jukwaa na televisheni kwa zaidi ya miaka 40. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uigaji wake, katika kilele chake, ulikuwa tendo la kihakiki: uliwavua wenye nguvu majoho yao, na uliwarudishia wanyonge akili waliyonyimwa na jamii.

Akhter alizaliwa Karachi tarehe 24 Desemba 1950, miaka mitatu baada ya Bara Hindi kugawanywa. Mgawanyo huo ulikuwa umeujaza mji huo wahamiaji wasemao Kiurdu, nao wakaishi bega kwa bega na wasemaji wa Kisindhi, Kigujarati, Kibaluchi, Kipunjabi na Kipashto. Karachi ulikuwa mji ambamo mtu alitambuliwa kwa lafudhi yake kabla ya kutaja jina. Akhter alipanda jukwaani tarehe 6 Septemba 1966, katika maonyesho ya kuadhimisha Siku ya Ulinzi. Inasimuliwa kwamba kijana huyo, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 16, alimwiga mwigizaji Anthony Quinn na kutoa hotuba kwa sauti ya Rais Kennedy wa Marekani. Kipaji kilikuwepo, lakini huo ulikuwa uigaji wa watu mashuhuri, ambao hadhira huupigia makofi kwa kuwa inamjua anayeigwa. Safari yake ya kisanaa ilikuwa ni kuondoka kwa watu mashuhuri na kuwaendea wasio na majina.

Safari hiyo ilikuwa na hatari. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, Karachi ilikumbwa na mapigano ya kikabila yaliyoua watu wengi. Katika mazingira hayo lafudhi haikuwa pambo la ucheshi tena. Iliweza kumponza mtu njiani. Mchekeshaji aliyeiga matamshi ya jirani alikuwa ameshika kisu. Swali la kimaadili linaloikabili kazi ya Akhter ni hili: kisu hicho kilimkata nani?

Mchezo wa jukwaani *Bakra Qiston Pe* wa mwaka 1989, ambao jina lake lina maana ya mbuzi anayelipiwa kidogo kidogo, unatoa sehemu ya jibu. Humo Akhter alishirikiana na Umer Sharif, na kanda za video ziliusambaza mchezo huo hadi India na miongoni mwa wahamiaji wa ng'ambo. Sharif alikuwa bingwa wa utunzi wa papo kwa papo. Kama afanyavyo fanani wa fasihi simulizi, aliisoma hadhira yake na kulibadilisha neno kulingana na kicheko kilichotangulia. Akhter yeye alijizuia. Pale mwenzake alipofurika, yeye alinyamaza, akatazama, kisha akajibu kwa upole uliozidisha kicheko. Utulivu huo haukuwa upungufu wa ubunifu. Ulimpa mhusika wake muda wa kuonekana akifikiri, na mhusika anayefikiri si rahisi kudharauliwa.

Katika *Rozy*, tamthilia ya televisheni iliyotokana na filamu ya Kimarekani *Tootsie* ya mwaka 1982, Akhter anaigiza mwanamume mwenye shida ya kazi ambaye anajivika uanamke ili aajiriwe kama mwigizaji wa kike. Mwanamume aliyevaa nguo za kike ni hila kongwe ya komedia, na mara nyingi shabaha yake huwa ni mwanamke mwenyewe. Akhter aliikwepa njia hiyo. Hakuikuza sauti wala hakuupotoa mwendo kupita kiasi. Alimjenga Rozy kama mhusika duara, mwenye staha na hasira zake. Matokeo yake ni kwamba kicheko kinawaelekea wanaume wanaomzengea Rozy kazini. Hata hivyo, kinaya kimoja hakikwepeki. Malalamiko ya wanawake yanasikika hapa kwa sababu yametamkwa na mwanamume, na hadhira inayomhurumia Rozy inajua wakati wote kwamba ataweza kulivua vazi lake na kuondoka.

Kilele cha sanaa hii ni *Loose Talk*, mfululizo ulioanza mwaka 2005 katika kituo cha ARY Digital. Umbo lake ni sahili mno: viti viwili, mhoji na mgeni. Mhoji ni Anwar Maqsood, ambaye pia ndiye mwandishi. Mgeni, katika mamia ya vipindi, ni Akhter, kila mara akiwa mtu mwingine. Anaweza kuwa mwanasiasa, mshairi, polisi, mtumishi wa nyumbani au mwanamke mzee. Bergson aliona kuwa kicheko huzuka pale uhai unapogandamana na kuwa kama mashine. Maelezo hayo yanawafaa wakubwa katika mfululizo huu, kwa kuwa mwanasiasa wa Akhter hurudia kauli zake kama santuri iliyokwama. Lakini hayamfai mtumishi. Huyu hucheza na mantiki, huligeuza swali na kumwacha mhoji msomi akiwa hana neno. Kicheko katika kisa cha kwanza kinaadhibu. Katika kisa cha pili kinapongeza.

Yaweza kupingwa kwamba akili hiyo ni ya Maqsood, si ya Akhter. Pingamizi hilo lina uzito, kwani maneno yaliandikwa kabla ya kutamkwa. Lakini matini ya tamthilia ni nusu ya kazi. Kusita, kurekebisha kola, kumtazama mhoji kwa mashaka kabla ya kujibu: hayo ndiyo yaliyoifanya hoja ya mtumishi ionekane kuwa imezaliwa kichwani mwake mwenyewe. Udhaifu halisi uko kwingine. Katika baadhi ya vipindi, lafudhi yenyewe ndiyo inayobeba ucheshi, na msemaji anachekwa kwa kuwa si msemaji wa Kiurdu sanifu. Hapo Akhter anarudi kwenye mhusika bapa, na kisu kinamkata asiyestahili.

Moin Akhter alifariki Karachi tarehe 22 Aprili 2011. Taifa lilikuwa limemtunukia nishani ya utendaji bora mwaka 1996, na likamwongezea Sitara-i-Imtiaz baada ya kifo chake. Mhakiki anayetaka kumpima hana budi kuziweka nishani kando na kuuliza, katika kila onyesho, ni nani anayechekwa na ni nani anayeachiwa neno la mwisho. Kwa kipimo hicho Akhter hakushinda kila mara. Alishinda mara nyingi vya kutosha kuonyesha kwamba kumwiga mtu kunaweza kuwa njia ya kumsikiliza.